Kukarabati Bwawa la Kuogelea la Nyumbani: Lipu, Vigae, Utando au Rangi?

Mwenye bwawa lililochakaa huanza kufikiria ukarabati kutokana na kile anachokiona: sakafu yenye madoa, ukuta unaokwaruza miguu ya watoto, vigae vilivyobanduka kwenye mstari wa maji. Swali lake la kwanza, kwa hiyo, huwa ni aweke nini juu ya kile kilichoharibika. Hata hivyo, katika mabwawa mengi uso ulioharibika ni matokeo tu, na chanzo chake kiko ama ndani ya zege, ama kwenye mabomba yaliyofukiwa, ama katika maji yenyewe ambayo yametunzwa vibaya kwa miaka. Hapa chini nyuso zinazotumika zaidi kwenye mabwawa ya zege zinawekwa sambamba, zikifuatiwa na pampu, vichujio na njia za kuua vijidudu. Lakini vinatangulia vipimo viwili, kwa kuwa majibu ya vipimo hivyo ndiyo yanayoamua ni chaguo lipi linalostahili kufikiriwa hata kidogo.

Maji yanapotelea wapi, na zege liko katika hali gani

Kipimo cha kwanza ni cha ndoo. Ndoo hujazwa maji ya bwawa na kuwekwa kwenye ngazi ya kuingilia, sehemu yake ya chini ikiwa imezama; kimo cha maji ndani ya ndoo huwekewa alama, na kimo cha maji ya bwawa upande wa nje vilevile. Baada ya saa 24 alama hizo mbili hulinganishwa. Kwa kuwa ndoo na bwawa hupata jua lile lile na upepo ule ule, maji yanayopotea kwa mvuke hushuka karibu sawasawa pande zote mbili, na bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo ni uvujaji. Kipimo kifanywe pampu ikiwa inafanya kazi, kisha kirudiwe ikiwa imezimwa: uvujaji unaoongezeka pampu inapowashwa huelekeza kwenye mabomba yanayorudisha maji bwawani, na ule usiobadilika huelekeza kwenye kuta, sakafu, maungio ya taa au mdomo wa skima (kisanduku cha ukutani kinachonyonya maji ya juu na takataka zinazoelea). Milimita moja ya kimo katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hivyo bwawa la mita 8 kwa 4 linaloshuka milimita 5 kwa siku kupita kiasi cha mvuke linapoteza lita 160 kila siku. Maji hayo hayaendi mbali. Huloweka na kuhamisha udongo ulioshikilia sakafu ile ile ambayo mwenye nyumba anataka kuipamba.

Kipimo cha pili ni cha nyundo, na hufanywa bwawa likiwa tupu. Fundi hupita akigonga kuta na sakafu taratibu, hatua kwa hatua, akisikiliza. Lipu iliyoshikamana na zege hutoa mlio mfupi na mkavu, na ile iliyoachana nalo hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Sehemu hizo huzungushiwa chaki. Kama alama za chaki ni chache, vipande hivyo hukatwa na kuzibwa. Kama zimetapakaa bwawa zima, lipu yote ya zamani lazima ibanduliwe hadi kwenye zege, na hapo hesabu ya kazi hubadilika kabisa, kwa sababu kubandua ni kelele, vumbi, kifusi na siku kadhaa za vibarua kabla hata ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa.

Nyufa nazo zisomwe kwa makini. Nyufa nyembamba zilizotawanyika juu juu kama wavu kwa kawaida ni za lipu peke yake na zitaondoka nayo. Ufa mmoja unaoshuka ukutani, ukaendelea sakafuni na kuonekana tena kwenye ukingo wa juu, ni wa zege lenyewe, na hakuna uso wowote wa saruji utakaouzuia usijitokeze tena mahali pale pale iwapo udongo ulio chini bado unasogea. Madoa ya kutu yanayorudi baada ya kusuguliwa mara nyingi huashiria kwamba maji yamefika kwenye nondo. Katika hali hizi mbili za mwisho anayepaswa kuitwa kwanza ni mhandisi wa miundo.

Kutoa maji yote bwawani kuna hatari yake. Maji ya ardhini yakiwa juu, ganda tupu la bwawa linaweza kusukumwa na kuinuka kutoka ardhini, na likishainuka mabomba hukatika na ukarabati hugeuka kuwa ujenzi mpya. Mabwawa mengi ya zege huwa na vali ya kupunguza shinikizo hilo kwenye shimo la kutolea maji sakafuni, lakini vali iliyokaa miaka mingi bila kuguswa inaweza kuwa imeziba. Kazi ipangwe wakati wa kiangazi, isianze mara baada ya mvua kubwa, na ganda lisiachwe tupu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Onyo hili lina uzito zaidi kwa mabwawa ya faibaglasi, ambayo ni mepesi. Mabwawa hayo, pamoja na yale yaliyojengwa kwa ajili ya kuvishwa vinili, yana njia zake: faibaglasi hupakwa upya tabaka la juu linaloendana nayo, vinili hutolewa na kuvishwa nyingine, na lipu ya saruji haina nafasi kwa yoyote kati ya hayo. Yanayofuata yanahusu ganda la zege.

Lipu: nyeupe, ya kwatzi, ya changarawe

Lipu nyeupe ya kawaida ni mchanganyiko wa saruji nyeupe na unga wa marumaru, unaopigwa kwa unene wa takriban sentimita moja. Ndiyo nafuu kuliko lipu zote, ni laini mguuni, na huyapa maji ile rangi ya samawati nyepesi ambayo watu wengi huifikiria wanapotaja bwawa. Udhaifu wake ni kwamba huliwa na kemia ya maji. Maji yenye pH (kipimo cha utindikali) ya chini, yaani yenye tindikali zaidi, au kalisi (madini ya kalsiamu) kidogo huyeyusha uso wake taratibu mpaka ukawa na vijitundu, na vijitundu hivyo ndimo mwani hujificha, mahali ambapo brashi haifiki. Maji yenye pH ya juu na kalisi nyingi hufanya kinyume, yaani huacha magamba meupe yanayokwaruza. Ikitunzwa vizuri hudumu takriban miaka 7 hadi 10. Ikitelekezwa, inaweza kuharibika ndani ya miaka mitatu tu.

Lipu ya kwatzi huweka chembe za kwatzi, jiwe gumu sana, mahali pa sehemu kubwa ya marumaru, na kwa kuwa kwatzi haiyeyushwi na tindikali kama marumaru, kinachobaki cha kuliwa ni saruji iliyo kati ya chembe. Umri wake wa kawaida ni miaka 10 hadi 15. Lipu ya changarawe hutumia vijiwe vidogo vya mviringo ambavyo huachwa vionekane baada ya saruji ya juu kuoshwa, na inaweza kufikisha miaka 15 hadi 20 au zaidi, lakini wenye ngozi laini na watoto wanaocheza kwa saa nyingi hulalamikia ukali wake nyayoni. Ipo aina inayosuguliwa baada ya kukauka, kwa jinsi ile ile terazo inavyosuguliwa, ambayo huondoa tatizo hilo huku ikiongeza gharama.

Lipu zote tatu zina sharti moja ambalo wenye mabwawa huliona kuwa jambo dogo, nalo ni mwezi wa kwanza. Lipu hukomaa chini ya maji. Bwawa huanza kujazwa mara lipu inaposhika, na ujazaji haukatishwi hata usiku, kwa sababu maji yakisimama katikati huacha mstari ukutani ambao hautoki. Katika siku 28 za kwanza uso hutoa vumbi jeupe la kalisi linalopandisha pH. Kuta na sakafu hupigwa brashi kila siku, pH hupimwa na kushushwa mara kwa mara, na chumvi haiwekwi kabisa hata kama mtambo wa chumvi umekwisha kufungwa. Asiyekuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo kwa mwezi mzima ajue kwamba ameshapunguza umri wa lipu yake kabla hajaogelea, na pengine chaguo linalofuata linamfaa zaidi.

Utando wa PVC

Utando huu usichanganywe na vinili nyembamba inayovishwa kama mfuko. Ni tabaka la PVC, aina ya plastiki, lenye unene wa takriban milimita 1.5, lililoimarishwa kwa wavu wa poliesta ndani yake, ambalo hukatwa na kuchomelewa kwa hewa moto palepale bwawani, likiwa juu ya kitambaa kinene kinacholitenganisha na zege. Faida yake kubwa imo katika utengano huo: kwa kuwa utando haujagandishwa kwenye ukuta, ufa mdogo wa zege uliotulia haupiti kwenye uso mpya, na lipu ya zamani yenye madoa haihitaji kubanduliwa yote, ila sehemu zilizoachana na kingo kali zisawazishwe. Kazi huisha kwa siku chache na hakuna mwezi wa kukomaza. Umri wake ni takriban miaka 10 hadi 15.

Kasoro zake ni za aina nyingine. Kidonge cha klorini kikianguka na kukaa sakafuni hupausha mahali hapo moja kwa moja, klorini ya kiwango cha juu kwa muda mrefu huchakaza rangi yote, na pH ya chini iliyodumu huufanya utando ujikunje, mikunjo ambayo hainyooki tena. Kitu chenye ncha hutoboa, ingawa tundu huzibwa kwa kiraka hata chini ya maji. Mahali ambapo maji ya ardhini hupanda, yanaweza kuingia nyuma ya utando na kuuvimbisha. Tena kuna suala la ladha: maungio huonekana kwa anayeyatafuta, na hakuna utando ambao ukiguswa kwa mkono unaweza kudhaniwa kuwa jiwe.

Vigae vya bwawa zima

Kwa uimara, vigae havina mpinzani. Vigae vya poseleni vinavyonyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, au mozeki za kioo, haviliwi na tindikali ya kawaida ya bwawa, havipauki, na miaka 20 si umri mkubwa kwao. Lakini si vigae vyenyewe vinavyozuia bwawa lisivuje. Maji huzuiwa na tabaka la kuzuia maji lililo nyuma ya vigae, na vigae hushikiliwa na gundi na grauti, yaani kijazio cha nafasi kati ya kigae na kigae. Grauti ya saruji huliwa na maji yale yale yanayokula lipu, ilhali grauti ya epoksi (gundi ngumu ya kemikali) hudumu zaidi na humhitaji fundi mwepesi wa mkono, kwani ikishaganda juu ya kigae kuisafisha ni adhabu.

Kuna jingine ambalo picha za mabwawa mazuri hazilionyeshi. Vigae hufuata ukuta ulivyo, na taa ya bwawani inayomulika kwa pembeni usiku hufichua kila wimbi la ukuta na kila kigae kilichochomoza nusu milimita. Kabla ya kubandika kigae cha kwanza, kwa hiyo, kuta hupigwa lipu ya kunyoosha na kuachwa zikomae, na ukarabati wa vigae huwa kazi mbili ndani ya moja. Kwa maoni yangu, gharama hiyo inastahili kwenye mstari wa maji, mahali ambapo mafuta ya ngozi na magamba ya kalisi hujikusanya na kusuguliwa kila wiki, pamoja na kingo za ngazi. Sehemu iliyobaki ya bwawa ipigwe lipu ya kwatzi, na anayeogelea hatapungukiwa na kitu.

Rangi

Rangi huvutia kwa sababu ya bei yake ya mwanzo, nayo inastahili nafasi ndogo tu. Akriliki hudumu miaka 2 au 3, rangi ya raba yenye klorini miaka 3 hadi 5, na epoksi miaka 5 hadi 8 ikiwa imepakwa vizuri. Neno lenye uzito hapo ni "vizuri". Epoksi haishiki juu ya rangi ya raba, hivyo anayepaka upya lazima ajue kilichopo chini, na zege likiwa na unyevu rangi yoyote huvimba malengelenge. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kubandika kipande cha nailoni kinachopitisha mwanga juu ya zege kavu, pande zote nne zikifungwa kwa utepe, na kukiacha usiku kucha. Asubuhi upande wa ndani ukiwa na matone, au zege la chini likiwa limegeuka rangi, kupaka kusubiri. Epoksi pia huhitaji takriban siku 7 za kukauka kabla ya bwawa kujazwa, siku ambazo ganda linakaa tupu. Ningeichagua rangi katika hali moja: bwawa linahitaji kutumika kwa miaka michache huku ukarabati kamili ukisubiri fedha, na lipu iliyopo bado imeshika.

Kwa ufupi wa uamuzi, zege zima na mtu wa kulitunza bwawa huelekeza kwenye lipu ya kwatzi. Zege lenye nyufa ndogo zilizotulia, au nyumba isiyoweza kusimamia mwezi wa kukomaza, huelekeza kwenye utando. Bajeti pana na kuta zilizonyooka huruhusu vigae. Zege linaloendelea kupasuka haliruhusu chochote kati ya hivyo kabla ya kutibiwa.

Pampu ya kasi moja au ya kasi inayobadilika

Hapa ulinganisho hauna utata mwingi. Pampu ikizungushwa kwa nusu ya kasi husukuma takriban nusu ya maji, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane. Tuchukue bwawa lile la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 48,000. Pampu ya wati 1,100 inayosukuma mita 16 za ujazo kwa saa hupitisha maji yote kwa saa 3 na kutumia kilowati-saa 3.3. Kwa nusu ya kasi kazi ile ile huchukua saa 6, na kinadharia hutumia takriban kilowati-saa 0.8. Kwa vitendo akiba hupungua kiasi kwa sababu mota nazo hupoteza nguvu, lakini tofauti hubaki kubwa, tena maji yanayopita polepole huchujwa vizuri zaidi na kelele hupungua. Pampu ya kasi moja inabaki kuwa na maana kwa bwawa dogo linalotumika miezi michache tu kwa mwaka.

Kuhusu vichujio, mchanga hunasa chembe za takriban mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na husafishwa kwa kugeuza mkondo wa maji, jambo linalomwaga mamia ya lita kila mara. Katriji, yaani kichujio cha kitambaa kilichokunjwakunjwa, hunasa mikroni 10 hadi 20, haimwagi maji hayo, ila hutolewa na kuoshwa kwa mkono. Kichujio cha udongo wa dayatomi (unga wa mabaki ya mwani mdogo sana) hufikia mikroni 3 hadi 5, lakini unga wake haufai kuvutwa puani na kuutupa kuna masharti. Kwenye uhaba wa maji, katriji ndiyo yenye mantiki. Kwingineko mchanga hutosha.

Klorini ya kuweka au mtambo wa chumvi

Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Mtambo hupitisha umeme katika maji yenye chumvi na kutengeneza klorini palepale, kwa hiyo swali si kama utaogelea kwenye klorini bali ni nani anayeitengeneza. Kiasi cha chumvi ni gramu 3 hadi 4 kwa lita, karibu moja ya kumi ya maji ya bahari, na kwa bwawa letu la mfano hiyo ni kilo 144 hadi 192 za kuanzia. Faida yake ni kwamba klorini huingia kidogo kidogo kila siku bila mtu kubeba na kupima dawa, na waogeleaji wengi husema maji ni laini zaidi.

Mtambo huo, hata hivyo, huwa unapandisha pH, na pH inayopanda huacha magamba juu ya lipu, kwa hiyo tindikali ya kuishusha huendelea kuhitajika. Chumvi hula ngazi za chuma zisizo bora na mawe laini ya ukingo, na seli ya mtambo, yaani sehemu inayotengeneza klorini, hubadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 7. Anayechagua utando wa PVC na ukingo wa zege au poseleni ana sababu chache za kuuhofia; anayependa ukingo wa mawe ya chokaa afikirie mara mbili. Kwa njia zote mbili viwango vinavyolengwa havitofautiani: pH kati ya 7.2 na 7.8, na kalisi kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita kwa bwawa lenye uso wa saruji.

Yanayofanywa bwawa likiwa tupu pekee

Mabomba yapimwe kwa shinikizo kabla uso mpya haujafunika chochote. Bwawa la zamani lenye tundu moja tu la kunyonya maji sakafuni liongezewe la pili, umbali usiopungua sentimita 90, na yote mawili yawekewe vifuniko visivyoweza kunasa nywele wala mwili, kwa kuwa mvuto wa pampu kwenye tundu moja unaweza kumshikilia mtu chini ya maji. Taa za zamani za umeme wa kawaida zibadilishwe kwa za volti 12, na sehemu zote za chuma ziunganishwe na kusawazishwa kiumeme na fundi umeme aliyeidhinishwa. Huu pia ndio wakati wa kuamua kama kina kirefu bado kinahitajika: sakafu ikiinuliwa, maji, dawa na umeme vyote hupungua kwa miaka yote inayofuata, ingawa uamuzi huo unahitaji hesabu ya mhandisi na unamaliza habari ya kupiga mbizi.

Makadirio ya mafundi yaombwe kwa maandishi na yakitaja mambo yale yale: kama lipu ya zamani itabanduliwa yote au vipande, unene wa uso mpya, aina ya grauti, nani atapiga brashi katika siku 28 za kwanza, na kifusi kitapelekwa na nani. Dhamana isomwe kabla ya kutia saini, hasa kifungu kinachoondoa uharibifu uliosababishwa na kemia ya maji, kwa kuwa fundi akikitumia, kinachoweza kumtetea mwenye bwawa ni daftari la vipimo vya pH na kalisi lenye tarehe, lililoanza kujazwa siku ile maji yalipofika kwenye mdomo wa skima.